Harusi Isiyo na Shela

Mwankoko, Singida
24 Februari 1974

Elina mwanangu,

Salamu hizi zikukute umekaa chini, maana nikimaliza kusalimu nina neno. Sisi huku tupo. Mvua ilinyesha kidogo ikakatika, na uwele umesimama shambani unatutazama tu. Baba yako mdogo Marko anakohoa kama kawaida yake na anakusalimu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja akafa. Dina, yule mliyekaa naye dawati moja, amechumbiwa na karani wa mjini, na mama yake Anastazia hatupi nafasi ya kupumua. Kanisani ametangaza kabla ya mchungaji.

Sasa neno lenyewe. Juzi nilikwenda mjini, dukani kwa Chhotalal, kununua uzi. Mkewe Damyanti akanipokea anacheka: "Yunisi, hongera! Mtoto wako anaolewa!" Nikamwuliza mtoto yupi, mimi ninaye mmoja tu na hajaniambia kitu. Akasema binamu yake mwenye duka huko Musoma amewaandikia kwamba mwalimu Elina wa Singida amenunua kitambaa cha gauni la harusi, tena cha buluu. Buluu! Nilisimama pale na uzi mkononi kama mtu aliyeibiwa sokoni. Ikabidi nicheke, nikasema aa, hilo ninalijua siku nyingi, nilikuwa nakupima tu. Damyanti si mjinga. Alinipa pole ya macho, akaniongezea uzi bure.

Elina, mama yako alifariki hujaota jino. Nimekubeba mgongoni huku nakanyaga cherehani. Umesoma kwa nguo za watu nilizoshona. Leo habari zako nazipata dukani, pamoja na uzi na sabuni? Na kabla ya kununua kitambaa lazima ulimwambia mtu. Usiseme hakuna. Yupo. Nataka jina lake.

Ni mimi shangazi yako, kama bado naitwa hivyo,
Yunisi


Musoma
20 Machi 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyingine hii hapa, shikamoo, badala ya ile ambayo ningekupa uso kwa uso nimepiga goti. Mimi ni mzima, isipokuwa tangu nipate barua yako silali vizuri. Huku nako mvua ni ya kubahatisha. Watoto wanakuja shuleni bila uji, ikifika saa nne wanalala juu ya madawati, nami sina moyo wa kuwaamsha. Pole kwa mbuzi. Mwambie baba mdogo anywe maji ya moto yenye tangawizi asubuhi, asivute kwanza.

Ni kweli, Shangazi. Nimechumbiwa. Anaitwa Manase, anafundisha Hesabu hapa shuleni, kwao ni Iramba, Mlutheri kama sisi. Hana makuu. Anapika ugali mwenyewe na haoni aibu mtu akimkuta na mwiko.

Umeuliza jina. Niliyemwambia kabla yako ni Bibi Roda, yule mwalimu wetu wa ushonaji niliyekusimulia, wa kanisa la Wamenoniti, kutoka Amerika. Mama yake alizaliwa katika watu wanaoitwa Waamishi. Ni wakulima. Hawana magari, wanakwenda kwa farasi, hawataki umeme wala urembo, na nguo zao wanashona wenyewe. Kwao uchumba ni siri. Hata jirani wa ukuta kwa ukuta hajui mpaka utangazwe kanisani, harusi ikiwa imebaki wiki chache. Nikaona ni jambo la heshima, nikalifuata. Nikasahau kwamba kwetu kufichwa ni kutukanwa. Hapo nimekosa, naomba unisamehe.

Shangazi, nataka harusi kama zao. Inafanyika nyumbani kwa akina bibi harusi, siku ya Alhamisi, mwezi wa Novemba. Hakuna pete, hakuna shela, hakuna mpiga picha wala gari la kupambwa. Majirani wanaleta masufuria na mabenchi, wanawake wanapika, wanaume wanachinja, basi. Bibi harusi anavaa gauni la buluu lisilo na nakshi, alilolishona kwa mikono yake, na juu yake aproni nyeupe. Baadaye gauni linavaliwa Jumapili. Aproni inawekwa, na siku akifa anazikwa nayo. Kila siku tunaambiwa kwenye redio tujitegemee. Mimi naona huku ndiko kujitegemea.

Naomba nyumba yako. Naomba nitoke mlangoni pale nilipotambaa. Kuna sababu nyingine pia ya kuipenda harusi hii, lakini hiyo nitakueleza ukishakubali.

Mwanao,
Elina


Mwankoko
14 Aprili 1974

Elina,

Marahaba. Leo ni Pasaka, nimetoka kanisani, nimekula, nimetulia. Nilisema nisikujibu nikiwa na hasira, ndiyo maana nimechelewa, lakini naona hasira zenyewe hazina mpango wa kuondoka. Baba yako mdogo amekunywa hiyo tangawizi na bado anavuta. Uwele umekauka nusu. Mbuzi aliyebaki anaruka vizuri.

Manase sina neno naye. Kama anashika mwiko, mshike na wewe usimwachie.

Sasa hao Waamishi. Unaniandikia kwa mshangao eti majirani wanaleta masufuria, wanaume wanachinja, watu wanakalia mabenchi ya kuazima. Kwani sisi harusini tulikuwa tunapikiwa na nani? Na serikali? Hukuona uani kwangu vyungu vya watu, kuni za watu, watoto wa watu? Ulihitaji kwenda mpaka Musoma ukaelezwe na Mzungu kwamba jirani anamsaidia jirani? Na hiyo Novemba! Huko kwao Novemba wameshavuna. Huku Novemba tunafagia ghala na kutazama mawingu. Utawalisha watu nini, hewa? Umesoma mpaka chuo, Bibi Roda wako naye kasoma, na kati yenu hakuna aliyekumbuka kuuliza uwele unavunwa lini.

Halafu gauni. Nguo ya buluu iliyokolea isiyo na nakshi sisi tunayo, inaitwa kaniki, tunaivaa shambani na msibani. Utoke mlangoni kwangu na kaniki, watu waulize nani kafa? Tena unaniambia na ya kuzikiwa iko tayari. Toba! Msichana hajaolewa anapanga mazishi.

Hayo yote ningeyameza. Linalonikaba ni moja. Bibi harusi anashona mwenyewe, unasema. Na mimi ni nani, Elina? Nani ameolewa hapa Mwankoko bila cherehani yangu? Nimewapima watoto wa watu viuno na mabega, huku nasema moyoni, ngojeni aje wa kwangu, mtafunga midomo. Leo wa kwangu anakaa jioni kwenye taa ya mwanamke mwingine, anafundishwa kupinda nguo! Wewe uliyekuwa unalala chini ya cherehani yangu na kichwa kwenye kanyagio! Naona wivu. Naliandika neno lenyewe ili usihangaike kulitafuta. Naona wivu mpaka nyama ya Pasaka haikushuka.

Nyumba yangu siitoi. Ukitaka harusi yenye shela, mlango uko wazi na mimi niko hapa na futi yangu shingoni. Hiyo ya kaniki kaifanyieni kwa Bibi Roda, maana ndiye shangazi siku hizi.

Yunisi


Musoma
2 Juni 1974

Shangazi,

Shikamoo. Hapa sote ni wazima. Nafurahi mbuzi anaendelea vizuri.

Nilisoma barua yako, nikamsomea na Manase. Akasema tusijibu upesi, ndiyo sababu umeona kimya. Yeye anakusalimu.

Harusi itafanyika hapa, uani kwa Bibi Roda, Alhamisi tarehe 14 Novemba. Tulipomwomba nafasi alikubali. Hakuweka masharti.

Ile sababu niliyosema ningekueleza, sasa sioni haja.

Gauni linaendelea. Mikono imekaa upande kidogo, lakini nimeshona mwenyewe.

Elina


Mwankoko
28 Julai 1974

Elina,

Marahaba. Nimepata karatasi yako. Nasema karatasi kwa kuwa barua huwa ndefu. Huku tumevuna kidogo kilichokubali kuvunwa. Kuna maneno kwamba tutahamishwa kwenda kijiji kipya cha ujamaa ng'ambo ya bonde. Wengine wanasema mwaka huu, wengine wanasema bado sana. Baba yako mdogo amefurahi, anasema huko kutakuwa na zahanati ya kukoholea.

Mimi sina mengi, ila habari ya harusi ya Dina, ambayo najua utapenda kuisikia kwa kuwa mlikaa dawati moja.

Ilifana! Kwaya zilikuwa mbili, zikashindana mpaka mchungaji akaingilia. Bwana harusi alikuja na Landirova ya kuazima, imefungwa maua ya karatasi mbele na nyuma. Na gauni, Elina, nilishona mimi. Satini nyeupe, ile nzito inayoteleza mkononi. Lesi kifuani, lesi kwenye mikono, vifungo vidogo vidogo mgongo mzima nilivyovivika satini kimoja kimoja, na shela ndefu iliyobebwa na watoto. Chhotalal mwenyewe anasema satini ya namna ile haijaingia dukani kwake tangu nguo zianze kuadimika. Watu waliniuliza umeipata wapi, nikawacheka tu. Dina alipoingia kanisani watu walisimama kabla ya kuambiwa. Karani wa watu alibaki mdomo wazi, angeweza kuingia nzi. Anastazia alilia, na unajua yule hata msibani halii.

Nilimtazama Dina nikasema moyoni, ndani ya gauni hilo angeweza kuwa mtu mwingine. Lakini basi, kila mtu na chaguo lake.

Tulikula wali. Mimi nilikaa vizuri sana, niliona kila kitu.

Nakutakia ushonaji mwema wa kaniki.

Shangazi yako,
Yunisi


Musoma
25 Agosti 1974

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za mvua wala za shule, utanisamehe.

Umefanikiwa. Ulitaka niumie, nimeumia. Satini ile ilikuwa yangu! Usidhani sikujua. Nilipokuja likizo baada ya kumaliza chuo nilifungua sanduku la bati kutafuta shuka, nikaikuta chini kabisa, imefungwa kwenye kanga yako mpya. Nikajiwekea begani. Nikaisikia ilivyo baridi. Nikaikunja kama ilivyokuwa, nikafunga sanduku, nikatoka nje kuchota maji kama sijaona kitu. Nimekaa na siri hiyo kwa furaha muda wote huu, kwamba kuna mtu duniani ameninunulia satini na hasemi.

Sasa umempa Dina! Dina aliyekuwa akiniita mtoto wa kuokotwa mpaka ukaenda kumfokea mama yake kisimani! Kwa nini usingempa mtu mwingine yeyote? Nimelia mpaka Manase amekuja mbio kuuliza nani kafa.

Najua utajibu nini. Utasema niliikataa mwenyewe. Ndiyo, nilikataa kuivaa. Kukataa kuvaa si kusema apewe Dina. Nilitaka iendelee kukaa sandukuni, iwe yangu, basi. Huo ni wivu, ndiyo, na ni wivu mbaya. Nimeutoa wapi? Si wewe uliyenilea?

Bibi Roda ameniuliza nimepatwa na nini. Sikumwambia. Haya ni yetu.

Nijibu. Ukitaka nitukane, lakini nijibu.

Elina


Musoma
10 Novemba 1974

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu. Septemba imepita, Oktoba imepita. Kila posta ikija nasimama mlangoni mpaka mwalimu mkuu ameanza kunicheka. Huku njaa imeingia, tunakula yale mahindi ya njano ya msaada, watoto wanasema yana harufu ya meli. Sijui ninyi mnakula nini. Nasikia Singida watu wengi wamehamishwa, na sijui kama wewe ni mmoja wao. Barua hii naituma kama kawaida kwenye sanduku la posta la Chhotalal, Mungu aifikishe.

Alhamisi hii ndiyo ingekuwa siku yangu. Nimeiahirisha. Wageni nimewaambia ni kwa sababu ya njaa. Wewe nakuambia kweli, ni kwa sababu yako. Na ile sababu niliyoificha naiandika leo, ukasirike au usikasirike.

Nilikuwa mdogo, siku binti wa mzee Philipo alipoolewa. Nilikuwa nimekaa chini karibu na cherehani. Ulimvisha, ukamfunga vifungo vyote, ukamnyoosha shela, ukamfuta jasho la pua. Alikushika mkono hataki uondoke. Akaja mama yake Dina, akasema: "Yunisi, tupishe sasa. Msimamizi awe mwenye ndoa yake." Ukatoka kwa mlango wa uani, ukaenda kuchochea moto. Nilikufuata, ukanipa ukoko wa wali ili nisikutazame usoni.

Na harusi zote zilikuwa hivyo. Unashona, unavisha, unapishwa. Hata kwa Dina hukukaa vizuri, Shangazi. Ulikuwa jikoni. Sihitaji mtu wa kuniambia.

Siku Bibi Roda alipotusimulia harusi za kwa mama yake, wenzangu walicheka habari za farasi. Mimi nilisikia jambo moja tu. Wanaokaa ubavuni mwa bibi harusi, tangu ibada mpaka chakula kiishe, ni lazima wawe watu ambao hawajaoa wala kuolewa. Lazima! Mwenye mume haruhusiwi. Kwa kawaida ni vijana, lakini nilimwuliza Bibi Roda kama wameweka umri, akafikiri, akasema hajawahi kusikia.

Basi nikasema hiyo ndiyo harusi yangu. Buluu, Alhamisi, Novemba, aproni ya kuzikiwa, vyote hivyo nilivibeba ili nikupatie kiti kimoja ambacho Anastazia hawezi kukuondoa. Sikukuambia mapema kwa kuwa ninakujua. Ungesema nakuonea huruma, na ungekataa hata kusoma.

Viti ni viwili. Cha pili nimempa Bibi Roda. Naye hana mume. Aliwakalia wadogo zake wote ubavuni, mmoja baada ya mwingine, kisha akafika umri ambao waliacha kumwita. Ndipo akaja huku.

Watu wanasema hukuolewa kwa ajili yangu. Sijawahi kukuuliza, na sasa siulizi. Ila bila wewe sifungi ndoa. Manase anasema atangoja. Usimchoshe sana, Shangazi, ni mtu mwema.

Mwanao,
Elina


Kijiji kipya, Singida
19 Januari 1975

Elina mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara ngapi unataka, chukua. Barua yako ya Novemba nimeipata juzi. Tangu tuhame nilikuwa sijafika mjini, na Damyanti aliitunza kwenye droo ya vifungo mpaka akaona si kawaida, akanitafuta mwenyewe, amefunga sari juu, viatu mkononi, anauliza nyumba kwa nyumba. Nilimkaribisha uji wa mahindi hayo ya njano. Alikunywa bila kukunja uso.

Tulihamishwa Septemba. Lori lilikuja, tukapakia tulichoweza, paa likashushwa. Cherehani niliipakata mwenyewe njia nzima, sikukubali mtu aishike. Kwa hiyo ile nyumba niliyokunyima haipo, Elina. Nilikunyima Aprili, na Septemba ikawa kuta nne zenye jua ndani. Nilisimama mlangoni pale ulipotambaa nikalitukana lori, nikamtukana dereva, lakini niliyekuwa namtukana hasa ni mimi. Sasa nina kibanda cha miti, bado sijakikandika upande mmoja. Marko yuko nyuma yangu, hiyo zahanati haijajengwa, anakohoa bure.

Barua yako ya Agosti niliipata kabla ya lori. Sikujibu. Kwa nini, usiniulize. Satini haiwezi kurudi, nami nimeshajilipa kwa hilo usiku na mchana.

Kwa Dina nilikuwa jikoni. Sufuria kubwa ya wali ilikuwa yangu. Haya, umejua, umefurahi?

Na huyo mwanamume watu wanayemsema, sikumkataa kwa ajili yako. Alikuwa na maneno mengi na alikula kwa kelele. Habari hiyo inaishia hapo, wala usimfundishe Manase kuniuliza.

Sasa sikiliza. Harusi itakuwa hapa. Itakuwa Alhamisi, sawa, Alhamisi yenu nimeikubali, lakini itakuwa Julai tukishavuna. Safari hii mvua imeanza vizuri, uwele umefika magotini. Kibanda hakitoshi watu, tutakaa nje. Mabenchi yapo shuleni, mwalimu mkuu nimeshamwona. Nusu ya majirani hatujuani, tumekusanywa kutoka kila upande, wengine hata salamu bado tunapimana. Nimepita kuwaambia kuna harusi, kila mwenye sufuria ajitayarishe. Mwanamke mmoja wa Mandewa ambaye hajawahi hata kunisalimia ameniuliza bibi harusi anapenda nini.

Njoo na kaniki yako. Mikono iliyokaa upande iache hivyohivyo, usiifumue, sitaigusa. Nitaangalia pembeni mpaka shingo iume, lakini sitaigusa.

Anastazia tumewekwa naye mstari mmoja, milango inatazamana. Mungu ana utani! Alikuja kuniuliza msimamizi atakuwa nani, tayari amejinyoosha, nikajua anajiweka. Nikaleta barua yako, nikamsomea kile kipande cha mwenye mume haruhusiwi. Nilikisoma polepole, halafu nikakirudia kana kwamba taa haimuliki vizuri. Akaniuliza hiyo ni dini gani. Nikamwambia njoo Julai, utakaa nyuma na wenye ndoa zao, utaiona yote.

Limebaki la Bibi Roda wako. Mwaka mzima nimemchukia kama mwizi. Nilidhani ni mtu mwenye mume, mwenye watoto, mwenye nyumba ya bati, halafu bado kaona haitoshi akaja kuchukua na kamoja kangu. Hukuniambia hana mume. Maneno yote hayo ya farasi na aproni, hilo hukuona ni la kuandika?

Mwulize kwa niaba yangu, walipoacha kumwita, siku za harusi alikuwa anakaa wapi. Kama ni jikoni, mwambie aje mapema, hata siku mbili kabla, alale hapa kwangu. Nina kitanda kimoja, tutabanana. Maneno ya kuongea tunayo.

Ila mwelewane naye kabla hamjapanda basi. Upande wa kulia ni wangu, Elina. Nikimkuta amekaa kulia nitamwinua mbele ya mchungaji, na wewe unanijua.

Mama yako,
Yunisi